Ukuta Uliobadili Hali

Pa! Pa! Pa! Pa-pa-pa-pa-pa!

Makofi yalisikika kabla mtu yeyote hajaonekana. Yalianzia nyuma ya kilima, yakashuka bondeni, yakaingia kwenye ghala kuukuu la pamba ambamo Mwalimu Sikudhani alikuwa akifundisha darasa la tatu. Kwa kuwa sheria ni sheria, Mwalimu Sikudhani aliweka chaki chini akaanza kupiga makofi. Watoto nao wakapiga. Hakuna aliyejua anampigia nani.

"Mwalimu, kuna nini?" aliuliza Mashaka, kijana wa dawati la nyuma ambaye mdomo wake ulikuwa umemtangulia kuzaliwa.

"Piga kwanza, mwanangu. Sababu zitatufuata."

Katika nchi hiyo, ambayo jina lake lilikuwa bado kwenye kamati, makofi ndiyo yaliyokuwa kipimo cha vitu vyote. Zamani za ujinga watu walipima daraja kwa mzigo, dawa kwa mgonjwa na mahindi kwa mizani. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na majibu yake mara nyingi yaliwavunja moyo viongozi. Ndipo Serikali, kwa huruma yake, ikaleta kipimo kimoja kwa wote: kitu kikipigiwa makofi ya kutosha, ni kizima. Daraja la mto mkubwa lilipigiwa makofi tangu asubuhi hadi jua la utosi, likatangazwa kuwa imara kuliko yote barani. Lilipoanguka, uchunguzi ulibaini kwamba wananchi wa ng'ambo ya pili walikuwa wamepiga makofi shingo upande. Walichukuliwa hatua.

Makofi ya siku ile yalipokaribia, wapigaji wenyewe walionekana. Mbele alitembea Bwana Mkwanda, mkandarasi, tumbo likimwongoza njia. Nyuma yake walikuja wakubwa wa wilaya, na kando alikimbia Mzee Tendega, mwalimu mkuu, koti limevaliwa vifungo vikiwa vimepishana. Walikuwa wanalikagua darasa jipya lililojengwa uwanjani, mkabala na ghala. Walilizunguka, wakalipigia makofi, wakalipasisha.

Bwana Mkwanda alikuwa shemeji yake Waziri. Hilo halikuwa na uhusiano wowote na zabuni. Ni kwamba tu katika nchi hiyo mashemeji huzaliwa na kipaji cha ujenzi.

Mzee Tendega alichungulia ghalani, jasho linamtiririka. "Mwalimu Sikudhani! Ijumaa Waziri anakuja kufungua. Darasa lako ndilo litakaloketi ndani. Hongera!"

Na watoto wakapiga makofi.

*

Somo la wiki hiyo lilikuwa maada. Mwalimu Sikudhani alilipenda somo hilo kuliko yote, kwa sababu halikuhitaji ruhusa ya mtu. Jiwe huwa jiwe hata afisa akiwa likizo.

"Yabisi hushika umbo lake," aliwaambia. "Liweke jiwe kwenye sahani, ni lilelile. Liweke kwenye sufuria, ni lilelile. Kimiminika je, Kidawa?"

Kidawa alikuwa msichana mwembamba, mwenye aibu ya kuongea lakini asiye na aibu ya kutazama. "Kinafuata chombo, mwalimu. Kwenye kikombe kinakuwa kikombe."

"Vyema. Na gesi husambaa mpaka ijaze kila nafasi iliyo wazi."

"Kama ndugu zake Waziri," alisema Mashaka.

Ghala zima lilicheka, hata popo walihama pembe. Mwalimu Sikudhani aliuma mdomo asicheke. "Wewe Mashaka, ulimi wako utanitoa kazini kabla ya mwisho wa mwezi. Sasa sikilizeni. Kesho kila mmoja alete kitu anachoamini ni yabisi. Tutakitia kwenye maji, tuone kinafanyaje."

Kesho yake walileta. Msumari ulizama ukakaa. Kokoto ilizama ikakaa. Mfupa wa mbuzi ulizama ukakaa, ila mbwa aliyekuwa mlangoni hakukubaliana na jaribio hilo. Kisha Kidawa akafungua kiganja, ndani yake mna kipande cha tofali, pembe zake bado kali.

"Umekitoa wapi?"

"Sikukitoa, mwalimu. Niliegemea ukuta wa darasa jipya, kikatoka chenyewe kikanifuata."

Alikitia kwenye kikombe cha maji. Kile kipande kilipumua mapovu mawili matatu kama mzee anayeketi. Kisha kikalegea, kikalala, kikawa uji. Watoto walikisogelea kwa vichwa.

"Mwalimu," aliuliza Kidawa taratibu, "niandike ni yabisi, au niandike ni kimiminika?"

Mwalimu Sikudhani alikuwa amegeuka kutazama uwanjani, kule darasa jipya lilikometameta. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya bendera. Juu yake lilikaa paa, na paa lilikuwa la kweli kabisa: vigae vizito, mbao nene, misumari isiyo na mchezo. Paa linaonekana kutoka barabarani, nalo halikudhulumiwa hata kidogo. Alilihesabia uzito kwa macho, akawahesabu watoto wake chini yake. Angani, upande wa kusini, masika yalikuwa yakijipanga.

*

"Kifunike hicho kikombe," alisema Mzee Tendega.

"Mwalimu Mkuu, ukuta mzima uko hivi. Nimeugusa kila upande. Ikinyesha Ijumaa—"

"Mvua haijaalikwa."

"Mzee wangu, mvua haingoji kadi."

"Dada Sikudhani, nakuomba kama mdogo wangu." Mzee Tendega alishusha sauti. "Nimefundisha kwa uaminifu, nimepiga makofi kwa uaminifu. Kimebaki kidogo nistaafu nikafuge nyuki. Usinichomee mzinga."

Alimwita Bwana Mkwanda mwenyewe aje kueleza. Bwana Mkwanda alikuja na kijiti cha meno, akakitazama kikombe kwa mapenzi.

"Mwalimu wangu, wewe umesoma, lakini umesoma zamani. Hili ni tofali la kisasa. Tofali la kikoloni linakataa maji. Hili linashirikiana nayo."

"Saruji iko wapi, Bwana Mkwanda?"

"Saruji ilikuwepo! Ilitoka bohari ikiwa nyingi kweli kweli. Ila safari ni safari. Hata wewe nikikupakia kwenye lori hadi huku, utafika umepungua."

"Na ikapungua ikaishia wapi?"

Bwana Mkwanda alitoa kijiti mdomoni. Wakubwa wa nchi hiyo hutoa kijiti mdomoni wanapotaka kueleweka. "Ijumaa watoto wanaingia, wanapiga makofi, picha inapigwa. Wataalamu wa itifaki wamegundua kwamba makofi ya watoto yakifungiwa ndani ya kuta nne husikika mara mbili. Usipowaingiza wewe, atawaingiza mwingine. Na wewe utaenda kufundisha mahali ambapo hata ramani haijafika."

Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Mwalimu Sikudhani angeweza kuikataa kazi. Alikuwa na jembe nyumbani, na jembe halina waziri. Lakini akiondoka leo, watoto wataingia Ijumaa, wakiongozwa na mtu ambaye hakukiona kikombe. Basi akakifunika kikombe. "Nitakuwepo Ijumaa," alisema.

"Umeona?" Bwana Mkwanda alimwambia Mzee Tendega. "Walimu ni watu wazuri ukiwaelewesha."

*

Ijumaa palikuwa na maturubai, mbuzi wa kuchoma, na viti vyenye vitambaa kwa wale wasiojua kusimama. Wazazi walikuwa wamekusanywa tangu alfajiri wapimwe nguvu za viganja. Mheshimiwa Lugoloka, Waziri wa Elimu, Uelewa na Makofi, alishuka garini, akapigiwa. Akakohoa, akapigiwa. Akatafuta miwani, na aliipata katikati ya shangwe.

Mshairi wa Wizara alisimama, akaghani shairi lililopitishwa na vikao vyote:

*Tofali lako imara, halijui kuyeyuka,*
*Waziri wetu kinara, kwa hekima umefika,*
*Mvua njoo na hasira, ukuta hautachoka,*
*Makofi ndiyo ishara, nchi yetu yasifika!*

Mvua, ambayo mpaka dakika hiyo haikuwa imealikwa, ikasikia inaitwa. Wingu la kusini lilijongea.

Mwalimu Sikudhani alikuwa amelipanga darasa lake mbele ya mlango wa jengo, nje. Mzee Tendega alimjia mbio. "Waingize! Unangoja nini?"

"Wanafunga viatu, Mwalimu Mkuu."

"Viatu? Nusu yao hawana viatu!"

"Ndiyo maana wanachelewa."

Waziri alikwishashika kipaza sauti. "Wananchi! Kabla ya utawala huu, nchi hii haikuwa na maada! Nani hapa alikuwa na maada? Inua mkono!" Hakuna aliyeinua. "Mnaona? Tulikuta yabisi imelala, kimiminika kimekauka, gesi yote imeuzwa nje. Leo mtoto wa mkulima anaingia darasani, anagusa ukuta, anasema: hii ni yabisi ya Serikali! Yabisi hii itadumu vizazi na—"

Tone la kwanza lilimdondokea kwenye miwani. La pili lilidondoka pamoja na ndugu zake wote.

Watu mashuhuri wana miguu mashuhuri. Kufumba na kufumbua, wakubwa wote walikuwa ndani ya darasa jipya, Waziri akiwa wa kwanza, Mshairi wa Wizara akiwa wa pili. Bwana Mkwanda peke yake, kwa unyenyekevu usioelezeka, aliwaachia wenzake nafasi. Alijifungia kwenye gari lake na kupandisha vioo.

"Watoto!" aliita Waziri kutoka mlangoni, kwa sauti ya baba wa taifa zima. "Ingieni! Mnalowa bure na jengo ni lenu!"

Mwalimu Sikudhani alinyoosha mikono yake miwili kama mtu anayezuia ng'ombe. "Asiingie mtu."

"Mwalimu, baridi!" alisema Mashaka, meno yakigongana.

"Baridi utaisimulia. Simama hapo."

Kutoka chini ya maturubai mama yake Mashaka alipaza sauti. "We mwalimu, umerogwa? Wangekuwa wa tumbo lako ungewatia mvuani hivi? Mashaka! Ingia ndani, mwanangu!"

"Mama Mashaka, nakuomba—"

"Usiniombe! Mtoto wangu ana kifua!"

Mashaka alimtazama mama yake, akamtazama mwalimu wake. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa alikosa neno. Kidawa akamshika mkono, akamvuta nyuma kidogo. Wakabaki pale, darasa zima, sare zimegandamana na mbavu, wakitazama mlango uliokuwa wazi na mkavu na unaong'aa kwa rangi mpya.

Ndani, Waziri hakuona sababu ya kukatisha hotuba. Aliendelea bila kipaza sauti, na wakubwa waliendelea kupiga makofi. Wataalamu wa itifaki walikuwa wamesema kweli: makofi yaliyofungiwa ndani ya kuta nne husikika mara mbili. Kuta zenyewe ziliyasikia. Rangi ya bendera ilianza kutoka jasho. Pembe moja ilipumua, kama kile kipande kilivyopumua, kisha ikalegea. Waziri aliposema neno "imara," makofi yalipanda mpaka darini, na ukuta wa magharibi ukaketi chini.

Walitoka kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Mheshimiwa Lugoloka alipitia dirishani, dirisha ambalo kwa hisani yake lilikuwa limejipanua lenyewe. Wa mwisho alikuwa bado anatambaa paa lilipopiga magoti taratibu, likainamisha kichwa, likalala juu ya uji wa kuta zake. Hapakuwa na aliyekufa. Jambo hilo liliisumbua Wizara sana, kwa sababu hotuba ya rambirambi hukaa tayari muda wote, na ile ya watu kunusurika ilikuwa bado haijaandikwa.

Mama yake Mashaka alisimama chini ya turubai, mkono mdomoni. Hakuita tena.

*

Tume ya uchunguzi iliundwa palepale, matope yakiwa bado ya moto. Mwenyekiti alikuwa Waziri, kwa kuwa ndiye aliyeliona jengo kwa ndani. Mtaalamu alikuwa Bwana Mkwanda, kwa kuwa ndiye aliyeliona kwa nje. Mzee Tendega alikuwa katibu, na kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa.

"Kwanza," alisema Waziri, akifuta tope kwenye nyusi, "jengo halikuanguka. Nisije nikasikia mtu anasema limeanguka. Mtaalamu?"

"Limebadili hali, Mheshimiwa," alisema Bwana Mkwanda. "Kutoka yabisi kwenda kimiminika. Ni jambo la kisayansi. Hata Ulaya hutokea."

Makofi.

"Swali linabaki: ni nani aliyelishawishi? Mwalimu, sogea hapa. Ni kweli uliwafundisha watoto hawa kwamba yabisi inaweza kugeuka kimiminika?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Imo kwenye kitabu cha Wizara yako. Nilisema barafu ikipata joto—"

"Ulianza na barafu." Waziri aliwageukia wananchi kwa huzuni. "Wachochezi wote huanza na barafu. Ulifundishia wapi?"

"Ghalani."

"Ghala liko mbali na ukuta?"

"Liko pale, Mheshimiwa. Mkabala."

"Kwa hiyo ukuta ulikuwa unasikia!"

Makofi yakavuma. Mwalimu Sikudhani alitafuta usoni mwa Mzee Tendega mahali pa kushika, lakini Mzee Tendega alikuwa anatikisa kichwa kwa bidii, macho yameelekezwa kwenye nyuki wake wa baadaye.

"Mheshimiwa," Mwalimu Sikudhani alisema, "watoto hawa wangekuwa ndani—"

"Wangekuwa ndani, wangepiga makofi! Ukuta ulivunjika moyo kwa kukosa makofi ya watoto. Umewanyima." Kisha Waziri akalainika, maana wakubwa wa nchi hiyo huruma zao huja baada ya hukumu. "Lakini Serikali si katili. Bwana Mkwanda atajenga upya, mahali palepale, kwa udongo uleule. Udongo huu umeshapata uzoefu. Siku ya kufungua, wewe mwenyewe utawaingiza watoto, uwaambie kwa kinywa chako: hii ni yabisi. Ukikataa, kazi huna, na mwenzako atawaingiza. Ahidi hapa, mbele ya wazazi, kwa sauti."

Mvua ilikuwa imepungua. Maji yalikuwa yakitiririka uwanjani yakiwa na rangi ya bendera. Mwalimu Sikudhani alisikia mtu anasimama begani kwake, akadhani ni askari. Alikuwa mama yake Mashaka, amelowa chapachapa, khanga yake ameivua kumfunika mwanawe na kipande kingine kimemfikia Kidawa.

"Sema, mwalimu," alinong'ona. "Chochote utakachosema, mimi nipo hapa."

Nyuma ya mama yake Mashaka alisogea baba mmoja. Nyuma ya huyo wakasogea wengine, kimya, viganja vimening'inia. Waziri aliwatazama, akangojea makofi. Hayakuja.

"Ahidi!" alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, kama saruji iliyosafiri.

Mwalimu Sikudhani alifuta maji usoni.

"Naahidi, Mheshimiwa, na wazazi hawa wanisikie. Jenga. Ukimaliza, walete kwanza wanao kutoka huko ng'ambo wanakosoma, na Bwana Mkwanda alete wake. Nitawapokea mwenyewe kama wanangu. Nitawaketisha ndani, dawati la kando ya ukuta, niwafundishe maada masika yote, bila kukosa kipindi. Jua la kiangazi likiwakuta wazima, siku hiyohiyo, naahidi kwa sauti hii unayoisikia, nitawashika hawa wangu mkono mmoja mmoja, niwaingize."